Uzi: Hela ya kupanda miti Dodoma haikosekani. Ya kumwagilia atoe nani?

#1 Kivuli cha Mkwaju

Mbukwa wakuu.

Nimetoka kuhesabu miche. Mwaka jana mwezi wa kwanza lori liliingia mtaani kwetu, huku pembezoni mwa Chang'ombe, likiwa na miche 400. Tisheti zilikuwepo, spika zilikuwepo, maji ya chupa yaligawiwa, na mgeni rasmi alipanda wa kwake, ukajengewa uzio wa matofali. Leo asubuhi nimezunguka na mwanangu tukihesabu mmoja mmoja. Imebaki 11. Wa mgeni rasmi haumo. Uzio umesimama, ndani yake kuna kandambili moja ya mguu wa kushoto.

Aliyeleta miche simlaumu. Nataka tupige hesabu tu, maana kila habari ya Dodoma ya kijani ninayoisoma inataja idadi ya miche, sijawahi kuona iliyotaja idadi ya madumu.

Mvua yetu ni kati ya mm 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Mei mpaka Novemba mche uko mikononi mwa mtu. Ukiupa dumu la lita 20 mara mbili kwa wiki, kwa wiki 30, ni madumu 60. Kwetu bomba halijafika kila nyumba, dumu la mkokoteni tunanunua 300. Hiyo ni 18,000 kwa kiangazi kimoja. Uvushe viangazi vitatu mpaka mizizi ijitafutie yenyewe, ni 54,000. Mche wenyewe pale kitaluni nimeuliza, 1,500.

Kwa maana hiyo aliyetuletea mche ametoa 1,500 na ameondoka na picha. Ile 54,000 ameiacha kwa mama ambaye anapika kwa maji ya dumu hilohilo. Mama akichagua ugali nani atamlaumu? Kwa miche 400 tunazungumzia milioni 21 na laki 6. Kwenye bajeti gani mmewahi kuuona mstari huo?

Katikati ya mji ni hadithi nyingine. Nyerere Square ina watu wa kuihudumia, Chinangali Park nayo imejengwa ikajengeka. Sina ugomvi nazo, Jumapili nikiwa na nauli napeleka watoto. Ila mitaa kama yetu, na Mnadani, na baadhi ya pande za Nkuhungu, kivuli cha umma kitatunzwa kwa hela ya nani? Hilo ndilo swali langu.

#2 BodaMnadani

Siti ya mbele kabisa. Hiyo kandambili ni ya kwangu, ya kulia ninayo hapa, naja kuchukua.

#3 Hesabu Kali

Mleta mada hesabu zako ziko sawa, na ndiyo maana mimi sioni haja ya mjadala. Mtaa hauna mifereji, vyoo vya shimo vinajaa mvua zikinyesha, gari la taka linapita likijisikia. Halafu tunaongelea bustani? Bustani ni ya mtu aliyeshiba. Hiyo milioni 21 nipe mimi nichimbe kisima, nyie endeleeni kukaa juani, mmezoea.

#4 Mama Kitalu

Mwanangu Hesabu Kali, shikamoo nimeitikia hata kama hukuitoa.

Nikuulize, mtaani kwenu msiba ukitokea watu wanakaa wapi? Kwetu alipofariki mama mkwe wangu ilikuwa Oktoba. Unaijua Oktoba ya Dodoma. Turubai tulikodi 40,000 kwa siku, siku tatu. Laki na ishirini ya kivuli cha kukodi, na jua lilipogeuka saa tisa wazee wakahama na viti vyao wakaenda kujibanza ukutani kwa jirani. Aliyeshiba ni nani hapo? Mwenye hela ana dari, ana feni, ana veranda. Mwenzangu na mimi tuko chini ya bati, na bati la Oktoba mchana hulali chini yake hata ukiwa mgonjwa.

Hao wazee wa bao, mama ntilie, bodaboda, kikao cha shule, chanjo ya watoto, vyote vinafanyika chini ya mti. Usiuite bustani kama jina linakukera. Uite ukumbi.

#5 Hesabu Kali

Shikamoo mama, samahani.

Laki na ishirini kwa msiba mmoja. Nimeandika. Kwa hela hiyo mwarobaini miwili inavuka viangazi vitatu na chenji inabaki 12,000. Sijakubali bado, ila nimeandika.

#6 Mchora Ramani

Nimefanya kazi za upimaji huku miaka kadhaa, niseme upande ambao mleta mada hajaugusa. Dumu ni tatizo la pili. La kwanza ni kwamba hela ya serikali hufuata ramani, na ramani yenu haina pa kuweka mti.

Turudi nyuma kidogo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa na TANU mwaka 1973, CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikaundwa mwaka huohuo. Mpango kabambe ukatoka 1976, umeandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Wale watu waliwaza mji wa jumuiya ndogondogo zinazotenganishwa na ukanda wa kijani, mtoto aende shule kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Mnaweza kucheka, ila ndani ya mawazo hayo ndimo yalimotoka maeneo ya wazi ya Area A, Area C, Kisasa na kwingineko kulikopimwa. Yapo yaliyoliwa, nayajua, leo pana gereji, pana baa. Lakini mkazi wa huko akiamua kupiga kelele ana karatasi ya kupigia kelele. Kubadili matumizi ya eneo la wazi kuna utaratibu wake, mtu hawezi kuamka tu na tofali.

Chang'ombe iliota nje ya kalamu. CDA ikavunjwa 2017, manispaa ikawa jiji 2018, na watu hawakusubiri: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi. Urasimishaji, yaani kupima na kutambua viwanja vya watu, ukaja kufuata nyumba zilizokwisha jengwa. Na urasimishaji ni kama kushona nguo mtu akiwa ameivaa, unazunguka mwili ulioukuta. Unapigania njia ya mita nne gari la zimamoto lipite, nayo unapewa kwa kununiwa. Nikisema hapa tuache eneo la watoto kuchezea, wananiuliza kwenye kiwanja cha nani.

Sasa unaandikaje bajeti ya bustani mahali ambapo kwenye karatasi ni sebule ya mtu?

Sehemu ninazoziona mimi ni chache. Makorongo kwanza. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, na haya makorongo yetu yanayokauka nusu mwaka ndiyo yanayobomoa nyumba ile nusu nyingine. Kingo zake zikipandwa mnapata kivuli na ukuta wa udongo kwa mpigo. Kisha viwanja vya shule za msingi, vina uzio au vina mwalimu mkali, chochote kati ya hivyo kinatosha. Pembezoni mwa barabara si pabaya, ila barabara ikija kupanuliwa mti wako ndio wa kwanza kwenda.

#7 Kivuli cha Mkwaju

Mkuu umenitoa jasho. Nimefungua muhtasari wa kikao cha urasimishaji wa mtaa wetu (ninao kwenye simu), nimesoma wote. Neno "wazi" limo mara moja: "mwenyekiti alitangaza kikao kuwa wazi."

#8 Kijana wa UDOM

Wakuu mbona jibu lipo? Hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa umma kwa ajili ya mradi wa mazingira. Mamlaka ya maji Tanga walitoa yao 2024, wakatafuta bilioni 53.12 na wakazipata, tena ikaandikishwa soko la hisa Dar. Jiji la Dodoma litoe ya kwake, tupande mji mzima.

#9 Hesabu Kali

Kijana, Tanga wanauza maji. Mwisho wa mwezi wana bili, na bili ndiyo inayomlipa aliyewakopesha. Mwarobaini wa Chang'ombe utamtumia nani bili? Hatifungani ni deni, mdogo wangu, hata ipakwe kijani. Mtakuja kuweka geti na kiingilio ili mlipe riba, na wa kwanza kushindwa kiingilio ni mtoto wa mleta mada.

#10 BodaMnadani

Hesabu Kali leo yuko upande gani? Asubuhi alitaka kisima, sasa hivi anatetea mtoto asilipe kiingilio.

#11 Ughaibuni Kwetu

Nachangia kutoka Marekani, nimekaa Philadelphia miaka mingi. Huku kuna mitaa ya watu wa kipato cha chini imejaa viwanja vilivyotelekezwa, nyasi kiunoni, matairi, kila uchafu. Shirika la bustani la huku, Pennsylvania Horticultural Society, lina mpango unaitwa LandCare, na jiji linauchangia fedha. Wanachofanya ni kidogo mpaka utashangaa: wanaondoa taka, wanamwaga nyasi, miti michache, wanazungushia uzio mfupi wa mbao. Basi. Siri iko kwenye kurudi, kwa sababu msimu wa nyasi kuna watu wanalipwa kuja kufyeka tena na tena, na sehemu ya kazi hiyo wanapewa vikundi vya mitaa hiyohiyo. Watafiti walichukua viwanja 541 wakavigawa kwa bahati nasibu, vingine vikatengenezwa vingine vikaachwa. Matokeo yalitoka 2018: kwenye mitaa maskini zaidi, mashambulizi ya bunduki yalishuka kwa asilimia 29 karibu na vilivyotengenezwa. Dodoma hatuna shida ya bunduki, nataja tu kuonyesha kwamba kilicholipiwa ni kurudi.

Karibu na nyumbani, Freetown kule Sierra Leone walianza 2020 kampeni ya miti milioni moja. Mti unaandikishwa kwa simu, mtu wa mtaani anarudi kuupiga picha, analipwa kwa sababu bado uko hai. Halipwi kwa kuupanda tu.

#12 Mpangaji Nkuhungu

Naomba kuuliza kama mpangaji, msinipopoe mawe.

Mkishatengeneza hiyo sehemu ikapendeza, ikawekwa na taa, mwenye nyumba wangu ataamka asubuhi moja aseme chumba kilichokuwa 40,000 sasa ni 60,000 kwa sababu "tuko karibu na bustani". New York waligeuza reli ya zamani kuwa bustani ya juu, High Line, wakafungua 2009, kodi za jirani zikapanda hadi wenyeji wakahama. Na mimi sitahitaji kwenda New York kuliona hilo, lami ilipopita mtaa wa pili mwaka juzi nilihama.

#13 Mama Kitalu

Mpangaji una hoja. Kwa miti michache bila taa sidhani mwenye nyumba atapata ujasiri huo. Ila hapo kwenye kupendeza nimekuelewa, na wenye kalamu wakuelewe.

Nirudi kwenye hela, maana ndiyo swali. Watu watasema asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mimi na kikundi changu tumeipitia, kwa hiyo nasema ninachokijua. Ule ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Huwezi kukopa ukamwagilia mti wa watu wote halafu ukarejesha kwa majani. Sisi tulikopea kitalu. Tunauza mwarobaini, mjohoro, miembe ya kubebeshwa, maua ya wenye nyumba za Kisasa. Kitalu kinarejesha. Ningependa mtu atupe mkataba: nyie mmetuuzia miche 50, mtalipwa nusu leo na nusu baada ya viangazi viwili kwa kila mche ulio hai. Hapo utaona nani anaamka saa kumi na moja na ndoo! Nimeuza miche elfu nyingi kwa watu wa kampeni, hakuna aliyewahi kunipigia simu kuuliza imefikia wapi.

Na maji ya kuoshea vyombo yanatosha mwarobaini, msinunue dumu zima. Chupa ya lita moja na nusu itobolewe kitako, ifukiwe shingo juu pembeni ya mzizi, shimo liwe na kisahani, chini ujaze majani makavu. Hiyo 18,000 inashuka karibu nusu.

#14 Mtoto wa Kondoa

Mimi nawashangaa mnavyogombania miche. Huku kwetu tulikwisha pitia hiyo shule. HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, kwa fedha za Waswidi, udongo wa Kondoa ukiwa umechanika makorongo ya kumeza ng'ombe. 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Ilikuwa chungu, wazee wetu bado wanaisimulia kwa sauti ya chini. Lakini vichaka vilirudi vyenyewe.

Siku hizi kuna kisiki hai. Shirika la LEAD Foundation wameifundisha vijiji vingi mkoa huu wa Dodoma. Hupandi kitu. Unatafuta kisiki kilichokatwa ambacho kinachipua, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unaweka alama, unazuia mbuzi. Mizizi ipo chini tangu zamani, haikuombi dumu. Pale Pembamoto, Kongwa, wameongezea na makinga maji ya nusu duara, mvua ikishuka inakaa.

Sasa huko pembezoni mwenu, kwenye kingo za makorongo na miguuni mwa vilima, hakuna visiki vya migunga? Vipo, mnavikwatua kila mwaka kufagia uwanja. Acheni tu kuvikwatua.

#15 BodaMnadani

Mbuzi utawazuiaje Mnadani? Mtaa wenyewe jina lake mnada.

#16 Mtendaji Mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa mtaa, sasa nafuga kuku. Nitasema kwa ufupi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukija na wazo mwezi Juni umekuja msibani baada ya mazishi. Vipaumbele vinatoka mkutano wa mtaa, vinapanda kamati ya maendeleo ya kata, ndipo jiji. Kisichoandikwa mtaani, diwani hata akiwa rafiki yako hana pa kukishika.

Na mkiandika, msiandike "kupanda miti". Hiyo kila mtu anaifadhili, mpaka kampuni za bia. Andikeni kituo cha maji na matunzo ya eneo, mtaje eneo kwa mipaka, muhtasari usainiwe na mahudhurio yaambatanishwe. Ukiwa na muhtasari wa namna hiyo, mtu akija kujenga pale una cha kumwonyesha hata kama ramani haijachorwa. Si hati, lakini ni kelele yenye saini.

Mfuko wa Jimbo upo kisheria tangu 2009. Unafaa kwa kitu cha mara moja, mfano tanki na bomba. Mshahara wa mtunzaji hautatoka humo. Ajira za muda za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, zinaweza kuchimba makinga maji na mabwawa, ila ni kwa kaya za walengwa na zina msimu wake. Kazi ya Septemba, ile ya kila siku ya ndoo, sijawahi kuona fungu lake miaka yote niliyokaa ofisini. Mleta mada ameuliza swali ambalo sisi tulikuwa tunalikwepa.

#17 Kivuli cha Mkwaju

Mzee asante. Nimekaa na hili jambo wiki nzima, na kinachonirudia ni turubai la Mama Kitalu. Sisi mtaani tuna chama cha kufa na kuzikana. Kaya 70, mweka hazina ni mama mmoja ambaye hata mumewe hawezi kumkopa. Tunachanga kila mwezi bila serikali kutusukuma, na sehemu ya mchango inaishia kwenye turubai.

Kila kaya ikiongeza mia tano ni 35,000 kwa mwezi. Miti 12, hata kwa dumu la 300, kiangazi chote cha miezi saba ni 216,000, sawa na 31,000 hivi kwa mwezi. Inaenea.

#18 Mpangaji Nkuhungu

Inaenea, ndiyo. Lakini ona tulipofika. Katikati ya mji kivuli kinalipiwa na jiji, kwenu kinalipiwa na mfuko wa marehemu. Wote tunalipa ushuru sokoni palepale. Naomba mtu anijibu hilo kabla hatujapigiana makofi.

#19 Hesabu Kali

Sina jibu. Na mimi sikosagi jibu.

#20 Mchora Ramani

Jibu langu ni nusu: changeni, lakini kila shilingi iandikwe. Miaka miwili ya daftari la madumu ni hoja ya bajeti nzito kuliko barua kumi. Nusu nyingine aijibu mwenye bajeti.

#21 Kivuli cha Mkwaju (MREJESHO)

Wakuu, miezi imepita, naleta mrejesho.

Mkutano wa mtaa ulikaa. Hoja ya bustani ilizomewa dakika ya kwanza, kama Hesabu Kali alivyoizomea humu. Nikabadilisha, nikasema sehemu ya kukalia misiba. Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja akasimama akasema yeye ana miaka 78, anaunga mkono na anaomba iwahi.

Eneo tumekubaliana ni ukingo wa korongo nyuma ya shule, mipaka imetajwa kutoka nguzo ya umeme hadi kwenye kalvati, muhtasari umesainiwa, nakala imepelekwa kata. Tumeomba kituo cha maji. Hatujajibiwa. Mwarobaini minane na mikwaju minne tumenunua kwa Mama Kitalu, nusu tumelipa, nusu anasubiri kiangazi cha pili, mkataba umeandikwa kwenye daftari la shule. Visiki vya migunga tumevikuta sita, vimefungwa kitambaa chekundu. Mpangaji, kwenye daftari la madumu ukurasa wa kwanza nimeandika swali lako kama lilivyo.

Uzio tumetumia yale matofali ya mgeni rasmi. Mkwaju mmoja umeliwa juzi na mbuzi. BodaMnadani, mwenye mbuzi anasema anakufahamu.

#22 BodaMnadani

Ni wa shemeji. Naleta mche mwingine Jumamosi, na kandambili yangu naomba.